Maswali ya wasomaji: Beit al-Ajaib imefungwa, sasa watoto tuwapeleke wapi?

Toleo lililopita tuliomba mlete maswali kuhusu makumbusho na magofu ya Unguja na Pemba, tukidhani yatakuja mawili matatu. Kumbe! Yamekuja mpaka ya kuku kufa kideri (huyo asubiri mwezi ujao, ana ukurasa wake). Yaliyofanana tumeyaunganisha, na haya ndo tuliyochagua.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie nna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita. Kila skuli zikifunga wananiuliza lini tutakwenda Beit al-Ajaib mana mie nimewasimulia vile tulivyopelekwa na mwalimu enzi zetu. Sasa nikipita Forodhani naona bado imezungushiwa. Kuna pengine pa kuwapeleka, pasimalize pesa na wao wasije wakaniambia wamechoka nusu saa ya mwanzo?
Mama wa watatu, Jang'ombe

JIBU: Waalaykum salaam Mama. Kwanza Beit al-Ajaib tusiidai haraka. Jumba kalijenga Sultani wetu Sayyid Barghash mwaka 1883, la mwanzo hapa kwetu kuwa na taa za umeme na lifti, ndo mana watu wakaliona ajabu. Limekaa miaka na miaka linakula mvua na chumvi ya bahari, mpaka tarehe 25 Disemba 2020 upande wake ukaporomoka mafundi wakiwa wamo kazini, wakafa watu wawili. Uzio ule upo kwa sababu, na watoto waelezwe hivyo hivyo.

Sasa shida ya majumba makubwa ni kuwa mtu anataka aingie asubuhi amalize yote atoke, na watoto ndo hapo wanapochoka, kioo, karatasi, kioo, karatasi, wakifika chumba cha tatu washaanza kuulizia urojo. Mie nakushauri ushike mtu mmoja umfuate kila alikopita. Na mtu mwenyewe ni Sayyida Salme, binti wa Sultani.

Anza Hurumzi, kuna makumbusho yake madogo, hayachoshi, picha na maelezo ya maisha yake. Kabla hamjaingia wasimulie. Kazaliwa Mtoni mwaka 1844, babaake Sayyid Said, mamaake Mcherkesi, watu wa milima ya Kaukazi. Watoto wa kike wa kasri wakifunzwa kusoma Kuruani tu, kuandika hapana. Basi yeye kachukua mfupa wa bega la ngamia, ndo ubao wa kuandikia wa wakati ule, akawa anakopi herufi za msahafu kwa siri, moja moja, mpaka mkono ukakubali. Alipofika miaka 15, mwaka 1859, kakaake Barghash akapanga kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, na nani alokuwa akiandika barua za njama? Huyo huyo binti wa mfupa. Njama zikafeli. Mwaka 1866 akaondoka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer mpaka Aden, huko akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabakia ugenini na watoto watatu wadogo, idadi ya wa kwako, Mama. Kitabu cha maisha yake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na kafa mwaka 1924 huko huko Ujerumani. Huyo wako wa darasa la sita atakuuliza maswali magumu, kwa nini aliondoka, dini yake ikawaje, kaka zake mbona hawakumsamehe, na mie naona bora ayaulize wewe ukiwepo kuliko kuyakuta kwenye simu yamepindwa.

Siku nyengine pandeni gari ya Bububu, 502. Njiani mtapita Maruhubi, kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, zimebakia nguzo na mahodhi. Mbele yake Mtoni, hapo ndo alipozaliwa Salme, gofu liko pwani kabisa. Halafu shukeni Bububu mchukue bodaboda mpaka Kidichi kwenye hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ambalo Sayyid Said kamjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, mjukuu wa Shah wa Iran. Kwa nje utasema banda la chokaa tu. Ingieni ndani mtulie kidogo macho yazowee giza, afu tizameni kutani: ndege na maua yamechongwa kwenye plasta, mtindo wa Kiajemi mtupu, na ni kitu cha ajabu ukifikiria mume mwenyewe ni Muomani wa Kiibadhi, watu wasiopenda mapambo mengi. Kuna sehemu unyevu ushakula, kuna sehemu ua bado limekaa vizuri unahesabu majani. Mwambie kila mtoto achague moja alichore. Daftari na penseli, gharama imeisha hapo.

Kasri la Forodhani, Beit al-Sahel, nalo lina chumba cha Salme, lakini majumba yale kila baada ya muda yanafungwa kwa matengenezo kwa hivyo ulizia mlangoni kabla hujawavisha watoto viatu.

SWALI: Sie wenyeji tunalipa sawa na wazungu? Na kupiga picha je?
Kijana wa Amani

JIBU: Hamlipi sawa. Sehemu za serikali zina bei ya mkaazi na bei ya mgeni, tofauti yake si ndogo, kwa hivyo chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi usije ukaanza kubishana dirishani ati "sura yangu huioni". Sehemu za watu binafsi na za kanisa wanapanga wenyewe. Picha uliza kila unapoingia. Ramadhani pengi panafungwa mapema. Risiti dai. Na papasi, hawa vijana wanaowinda wageni mitaani, akikwambia leo pamefungwa ila yeye anapajua pengine, cheka nae upite ukaone mwenyewe kama pamefungwa.

SWALI: Naomba mnisaidie na ubishi huu. Tulikwenda Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, tukateremshwa kwenye vile vyumba vya chini na muongozaji akatuhadithia watu walivyokuwa wakijazwa mle, wengine wakitoka wamekufa. Mie nimelia kabisa. Kurudi baraza kuna mzee akaniambia ule ni uongo, vyumba vile vimejengwa na wamisheni soko likiwa lishafungwa. Nani mkweli? Na kama mzee ni mkweli ndo tuseme tumedanganywa na pesa tumetoa?
Mwanafunzi wa chuo, Tunguu

JIBU: Hapa twende pole pole. Soko la watumwa Mkunazini lilikuwepo, hilo halina mjadala. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash katia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, kwa kubanwa na Waingereza, balozi wao John Kirk ndo aliyekuwa akimshindilia, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo wamisheni wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa pale pale, kazi ikasimamiwa na Askofu Edward Steere, yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kukiandika Kiswahili. Kwa hivyo mzee wako ana hoja: wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lililo juu ya vyumba ni la misheni na vyumba vya chini vilikuwa stoo yao. Waongozaji wengi wao wanaendelea na hadithi ile ile kwa sababu mgeni ukimteremsha kwenye giza, dari limemgusa kichwa, huna haja ya kusema sana.

Lakini usitoke hapo ukasema basi yote uongo. Hiyo ndo hatari ya hadithi kupambwa, siku ikivuliwa kipambo watu wanatupa na kilichokuwemo. Pale pale kuna maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2016 kuhusu biashara ya watumwa Afrika Mashariki, yasome hayo kwa utulivu, ndo yenye nyama. Na nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Sanamu haidai kuwa kitu cha kale, inakwambia wazi kuwa imetengenezwa ili ukumbuke.

Ukitaka pahala pa chini kwa chini panapoeleza jambo jengine kabisa, nenda Mangapwani. Chumba kile kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kikaezekwa juu, na kilijengwa BAADA ya mkataba wa 1873, kuwaficha watu wasionekane na manowari za doria. Yaani sheria imeshatoka na biashara inaendelea usiku. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897, wakati wa Sayyid Hamoud. Miaka 24 baina ya karatasi na karatasi. Mie nikiwa muongozaji ningeianza hadithi hapo, ila mie si muongozaji.

Pesa yako haijapotea. Rudi ukamuulize yule muongozaji swali la mzee, kwa adabu, umsikilize atakavyojibu.

SWALI: Mie Mpemba nipo Dar, nna duka Buguruni, wanangu wamezaliwa huku huku. Nikiwaambia nyumbani wanasema Pemba kuna nini baba, karafuu na bahari. Disemba hii nnawapeleka wakamuone bibi yao Chake. Nataka wajue na sie tuna historia yetu. Nasikia kuna makumbusho pale ngomeni, mie mwenyewe nimekulia hapo na sijawahi kuingia, tukipita nje tu kwenda hospitali.
Baba Wawili, Buguruni

JIBU: Karibu nyumbani Baba Wawili. Watu wa Chake karibu wote wana hadithi kama yako, wanaijua ngome kwa nje.

Makumbusho ya Pemba yamo ndani ya kilichobakia cha ngome ya zama za Waomani, inahesabiwa ya karne ya 18. Ngome nzima ilikuwa kubwa kuliko hivyo unavyoiona. Ni madogo, mtayazunguka kabla ya adhuhuri na bado mtawahi nyumbani kula. Mna habari za mabaharia na vyombo vyao, watawala waliopita kisiwani, magofu ya kale, na kuna sehemu ya nyumba ya Kiswahili na vitu vyake vya ndani. Hapo kwenye nyumba ndo nnataka mkae.

Mchukueni bibi yao. Hata kama anasema miguu, hata kama anasema ataona nini yeye kwenye vitu vyake mwenyewe. Karatasi ya makumbusho itaandika "chetezo" na nusu mstari wa maelezo, basi. Bibi ndo atakayewaambia kuwa udi hautiwi makaa yakiwa mekundu, unasubiri yafanye jivu juu, mana ukitia kwenye moto mkali unaungua hapo hapo na unachopata ni moshi wa kuni. Bibi ndo atasema mrashi ule wa nyumba ya nani na nani ulikuwa wa fedha na bi harusi gani alirashiwa nao akapiga chafya mbele ya wakwe. Wakikuta mbuzi ya kunia nazi wape nafasi wamuulize alikuwa akikuna ngapi siku ya shughuli. Mtafiti wa kutoka nje anatumia miaka kutafuta mtu wa kumueleza vitu hivyo na nyie mnae, amekaa ukumbini anatizama tamthilia ya Kituruki. Mkubwa wako ana simu, mwambie arikodi.

Siku ya pili Pujini, kusini mashariki ya Chake, kodini gari kwa sababu daladala itawaacha mbali na jua la Disemba si la mchezo. Ni gofu la Mkame Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye kila mtoto wa Pemba wa zamani katishwa nae: lala, Mkame Ndume huyo. Wanasema aliwatesa watu, kina baba wakibebeshwa mawe ya ukuta huku wakitambaa kwa makalio. Palikuwa ngome ya kweli, ukuta mkubwa umezunguka na njia ya maji ya kupitisha vyombo kutoka baharini. Waulizeni wenyeji wawaoneshe kisima. Inasimuliwa alikuwa na wake wawili hawapatani hata kidogo, akakigawa kisima kwa ukuta katikati, mmoja akiteremka kwa ngazi, mwengine akiteka kwa kamba na ndoo, wasikutane. Sijui watoto wako wa Buguruni watakumbuka nini katika safari nzima lakini hicho kisima hawatokisahau.

Ras Mkumbuu ni ya watu wenye subira, ndefu na njia mbovu, kwa mashua ni bora kama bahari imetulia. Huko kuna gofu la msikiti na makaburi ya mnara, wajuzi wanayaweka karne ya 14 hivi. Mtizame kwenye minara alama palipopachikwa sahani na mabakuli ya nje, mana wazee wale kaburi walilipamba kwa vyombo vya China. Waambie watoto hivi: mwandishi wa Kiarabu al-Masudi kafika mwaka 916 kisiwa alichokiita Kanbalu, amekuta Waislamu washakaa, na wataalamu wengi wanadhani kisiwa chenyewe ndo Pemba. Kabla ya Mreno, kabla ya Muomani, kabla ya hiyo karafuu wanayoicheka.

Na karafuu nayo msiipite. Wawi, hapo hapo karibu na Chake, kuna kiwanda cha makonyo (vile vikonyo vya karafuu) cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, wanapokamua mafuta, omba ruhusa getini mnaoneshwa. Pua zao zitaisikia harufu kabla ya wao kufika. Waeleze na kwa nini karafuu ni ya Pemba zaidi kuliko Unguja: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba kikaipita kwa mbali, na tokea hapo mzani haukurudi.

Ukija kwa boti ukashuka Mkoani usiku, siku ya mwanzo usiwapeleke popote. Waache walale kwa bibi yao.

SWALI: Hivi kweli Zanzibar nzima hakuna mtu wa kuwekewa makumbusho ila yule muimbaji Freddie Mercury? Maisha yake na sisi wapi na wapi.
Mzee wa Malindi

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hasira yako tumeipata na hatutabishana nayo. Lakini tuseme ukweli: ile ni nyumba ya biashara, imefunguliwa Shangani mwaka 2019, wageni wanakuja wamelitaja jina lake tokea uwanja wa ndege na mtu kaona fursa. Kijana kazaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, babaake akifanya kazi ya ukeshia serikalini, akapelekwa skuli ya bweni India, karudi 1963, mwaka uliofuata familia ikahama kwenda Uingereza. Nyumba ipi hasa waliyokaa wenyewe wanabishana mpaka leo.

Mie kinachonivutia pale si nyimbo, mzee. Ni Waparsi. Unawakumbuka wewe, sie tumekuta habari tu, watu wa dini ya Zoroasta waliotoka India wakakaa hapa, wafanyakazi wa serikali na wafanyabiashara, na leo mtoto wa skuli ukimwambia hapa mjini palikuwa na Waparsi anadhani unamtania. Ukipata nafasi andika unayoyakumbuka utuletee, tutayachapa.

SWALI: Nikienda Dunga ntaona nini? Watu wananambia kuta tu.
Dereva wa gari ya Chwaka

JIBU: Kuta, kweli, na wewe unapita hapo kila siku na abiria! Ni kasri la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, la katikati ya karne ya 19. Mwinyi Mkuu ndo aliyekuwa mtawala wa wenyeji wa Unguja, Wahadimu, kabla na hata baada ya Sayyid Said kuhamia, wakapatana huyu ana mji na bahari huyu ana shamba, ingawa mapatano yenyewe yalikuwa na mwenye nguvu na asiye nazo. Wa mwisho, mwanawe Ahmed, alifariki mwaka 1873, mwaka ule ule wa mkataba wa watumwa, na cheo kikaisha nae.

Zile ngoma na siwa zake, alama za enzi, zilihifadhiwa makumbusho ya mjini. Siwa si pembe ya kupigwa ovyo, ikilia watu wanajua kuna jambo la mkubwa. Wazee wa Dunga wana maneno mengi kuhusu ngoma zile na kuhusu waliojenga zile kuta na kilichochanganywa kwenye udongo wake. Sitayaandika hapa mana kila mzee ana yake. Egesha gari siku moja, kaa nao kahawani. Abiria watapanda nyengine.

SWALI: Bibi yetu kafariki, katuachia nyumba Mji Mkongwe, ndani kuna kasha lake la misumari ya shaba na mlango wa nakshi. Kuna mtu wa duka la vitu vya kale keshakuja, ameweka bei na anasema tukichelewa mchwa watatumalizia. Shangazi mmoja anataka tuuze, wengine wanasema tupeleke makumbusho. Tufanye nini? Na kasha tulisafishe kwanza?
Wajukuu, Kiponda

JIBU: Poleni na msiba. Kwanza msisafishe! Watu wanachukua dawa ya kungarishia shaba na msasa, wakimaliza kasha linang'ara kama limetoka dukani jana na thamani yake imeshaingia kwenye ndoo ya maji machafu. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, liinueni lisigusane na sakafu wala ukuta wenye unyevu, fungueni mfuniko lipate hewa. Vanishi msiguse. Mchwa mtawaona kwa unga unga chini ya miguu ya kasha, wakiwepo tafuteni fundi wa kweli wa mbao, sio huyo mnunuzi.

Mlango ni habari nyengine. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na nyumba zake zina Mamlaka yake ya hifadhi, mlango ni sehemu ya jengo, hivyo hamna kuung'oa na kuupakia kwenye gari usiku. Anayewaambia "hilo niachie mie" ndo wa kumuogopa. Nendeni Mamlaka muulize kabla ya neno lolote na mnunuzi.

Kuhusu makumbusho, nendeni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale mkazungumze, kuzungumza si kutoa. Waulizeni kitakaa wapi, kitaoneshwa au kitaingia stoo, na mkikubali mpate karatasi yenye sahihi inayosema ni zawadi au ni amana, ina picha ya kitu na jina la bibi yenu. Bila ya karatasi hiyo msikubali, na maafisa wazuri wenyewe wataitaka.

Lakini kabla ya hayo yote fanyeni jambo moja wiki hii. Kaeni na mkubwa kuliko wote aliyebaki kwenye ukoo, lifungueni kasha mbele yake, mtoe droo moja moja, pamoja na ile ya siri kama lina (makasha mengi yanayo, pitisheni mkono chini ya kisanduku cha pembeni), na rikodini anayoyasema: nani kalileta, kutoka wapi, lilikuja na bibi alipoolewa au kalinunua, mkiwekwa nini ndani. Kasha lisilo na hadithi ni samani nzuri tu, makumbusho yanayo mengi ya hivyo na maduka ya Gizenga yamejaa.

Na huyo shangazi anayetaka kuuza msimrukie. Muulizeni kwa faragha anahitaji nini hasa, mana mara nyingi kasha la bibi linauzwa kwa ajili ya ada ya skuli au dawa za hospitali, na hilo mkichanga wajukuu wote linaweza kuisha kabla ya mnunuzi kurudi Ijumaa.